Machungwa Yangu Mtoni

Barua ya shule ilisema ni safari ya mafunzo: mito na mmomonyoko wa udongo. Mzazi atie sahihi, atoe nauli ya basi, amfungie mtoto chakula, maji na machungwa. Sisi tunakaa bonde la Msimbazi, hapa hapa Dar es Salaam; mto unapita nyuma ya choo. Mvua za Desemba 2011 zilitupa somo hilo hilo, tena bila nauli. Lakini wapi! Watoto wakapakiwa basi kwenda upande wa Pugu, mto unakoanzia.

Machungwa, kumbe, si ya kula. Ni kipimo. Wanapima mita 10 ukingoni, mmoja anatupa chungwa majini, mwingine anashika saa. Chungwa huelea sehemu kubwa ikiwa imezama, upepo hauliyumbishi. Likitumia sekunde 20, maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Nikauliza nani alisimama kule chini kuyadaka. Hakuna! Basi machungwa yangu yameshapita daraja la Salender, yako baharini, na mwanangu karudi na njaa.

Njaa na elimu. Maji yakifika kwenye kona, anasema, hukimbilia upande wa nje na kutafuna ukingo. Upande wa ndani yanapoa na kuacha mchanga. Na yakizidi, hutanda bondeni kote. (Waliopanga karakana ya mabasi ya mwendokasi iwe Jangwani, bonde hili hili, wangepelekwa safari hii. Machungwa ningetoa mimi.)

"Baba," akasema, macho kwenye choo chetu, "sisi tuko upande wa nje."

Sasa kachomeka vigingi kutoka ukuta wa choo hadi ukingoni, eti aone mto unakula kiasi gani kila mvua ikinyesha. Vigingi! Huku bondeni, ambako watu huamka wakakuta ukuta umepigwa X nyekundu ya bomoabomoa! Kabla ya magharibi mtaa mzima ulishajua. Mwenye nyumba, ambaye nikimpigia kuhusu bati linalovuja huwa hapatikani, akapiga simu mwenyewe. Jirani naye akaja, akanivuta pembeni.

"Jirani, usinifiche. Fidia wanalipa shilingi ngapi kwa mita?"

Nikamwambia ni masomo ya mtoto. Akanitazama kama tapeli, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi vigingi vyote vilikuwa vimeng'olewa na kuchomekwa kwenye kiwanja chake.