Simba wa Tsavo, Mtoto wa Toronto

Simba wawili waliowatafuna wajenzi wa reli Tsavo mwaka 1898 ni Wakenya, hilo halina ubishi. Lakini Hollywood ilipowatengenezea filamu, The Ghost and the Darkness (1996), kamera zilisimikwa Afrika Kusini, na baadhi ya simba waigizaji wakaletwa kutoka Kanada. Tsavo, nadhani, haikufanana vya kutosha na Tsavo.

Simba wenyewe, ngozi zimejazwa, wako jumba la makumbusho Chicago. Basi Chicago angalau hujiigiza yenyewe? Thubutu! Filamu ya Chicago (2002) ilipigwa Toronto, ambako serikali huirudishia studio sehemu ya mishahara iliyolipa.

“Tulifuata mandhari,” husema watayarishaji. Naam, mandhari ya risiti.