Onja Kwanza, Mwanangu

Nch! Wandugu, sogezeni viti huku kivulini. Zile kado, zawadi za Bonane, yaani Mwaka Mpya, mmeziona? Chupa ya zamani ya wiski, imeoshwa ikang'aa, imefungwa utepe mwekundu shingoni, na ndani kuna kahawa, maziwa, sukari na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Krimu ya kunywa, kama ile Amarula ya Afrika Kusini. Binti wa dada yangu alijifunza huko Bukavu, akaja kutengeneza hapa kwetu Shabunda, akagawia nyumba sita. Nyumba nne zimeiweka kabatini. Hakuna aliyefungua.

Binti huyo analia, anasema watu hawamtaki. Si hivyo. Watu wanaogopa. Nani hapa hajasikia habari za karuho, sumu ya kutiliwa kwenye kinywaji? Ukipewa kinywaji ambacho hukuona kikifunguliwa, unaangalia kwanza mkono uliokileta. Ndiyo maana wazee walituachia desturi: mwenye pombe anakunywa wa kwanza mbele ya mgeni, halafu gobele, kikombe kile, inazunguka. Hata bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, ikienda ukweni, aliyeileta ndiye anayeonja. Sasa hizi chupa zilipelekwa na mtoto mdogo, akaziweka mlangoni, akakimbia kucheza. Nch! Bia ya kiwandani ndiyo iliyotuzoeza vibaya. Kifuniko kinalia mbele ya macho yako, basi roho inatulia. Krimu ya nyumbani haina kifuniko cha namna hiyo. Kifuniko chake ni wewe mwenyewe uliyeitengeneza, ukae, uonje.

Halafu maziwa. Krimu za kiwandani zina namna yake: Baileys ilianza kuuzwa mwaka 1974, Amarula ya krimu mwaka 1989, na zote mbili zina alkoli ya asilimia 17. Kiwandani kuna mashine inayovunja mafuta ya maziwa yawe chembe ndogo kabisa, yasitengane na pombe, na alkoli ile iliyopimwa inazuia yasioze. Sisi tuna kijiko na nguvu za mkono. Lutuku nayo haina kipimo: ya mama huyu inaunguza koo, ya yule imelegea kama maji. Na frigo ni wangapi wanayo? Chupa ya dada yangu niliishika siku ya tano. Mafuta yamepanda juu yakaganda kama sabuni, chini maji ya rangi ya udongo. Nikaitikisa, vipande vikazunguka, havikuyeyuka.

Na mjue maziwa hayo yametoka wapi. Huku ni msitu, ng'ombe wako kwa Wabashi, huko Walungu na Kabare. Maziwa ya unga yanatufikia kwa ndege ndogo, au kwa mgongo wa mtu aliyekata msitu kwa miguu, na kila kilo imelipiwa. Binti alimwaga humo akiba yake yote. Hilo ndilo linaloniuma.

Kasiksi tunaielewa. Ndizi zimezikwa shimoni mpaka zikaiva, zikakamuliwa kwa majani, maji yake yakatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Leo tamu, kesho kali, baadaye siki. Hakuna anayeifungia kabatini kungoja Pasaka. Anaita majirani.

Basi juzi nilimwita. Nikamwambia, mwanangu, usiache hii kazi. Ila tengeneza chupa moja, asubuhi, uipeleke jioni ya siku ileile. Useme lutuku ni ya nani. Penye mjamzito au anayekunywa dawa, peleka ndizi.

Jana jioni akaenda kwa bibi yake, mimi nimekaa palepale. Akamimina kwenye gobele ya bati, akanywa nusu, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa kwa mikono miwili, amepiga goti. Bibi akaonja, akanyamaza kidogo. Akasema sukari imezidi. Kisha akanyoosha gobele ijazwe.