Katika Kulisifu Kufuli la Tarakimu Nne

Miongoni mwa walimu wote walioajiriwa na kampuni za zama hizi ili kuwafunza watumishi kushirikiana, hakuna aliye mdogo kwa umbo, duni kwa bei na mnyoofu kwa maadili kama kufuli la tarakimu nne, yaani lile kufuli lisilo na tundu la ufunguo, ambalo hufunguka pale tu vigurudumu vyake vinne vinapopangwa kwa namba sahihi. Washauri wa uongozi wameandikiwa vitabu, wahamasishaji wamejengewa majukwaa, na hata nzi aliwahi kupata msifu wake katika karne ya 2, Lucian wa Samosata, aliyemtungia hotuba nzima. Kufuli hili pekee limeachwa likining'inia kwenye masanduku ya vyumba vya mafumbo bila mtu wa kulishukuru. Chumba cha mafumbo, kwa msomaji ambaye mwajiri wake hajampeleka bado, ni chumba kilichopambwa kama maabara, kaburi la farao au seli ya gereza, ambamo kikundi cha watu hufungiwa kwa muda uliopangwa, aghalabu dakika 60, kikatakiwa kutafuta vidokezo, kufumbua mafumbo na kufungua kufuli moja baada ya jingine hadi mlango wa mwisho. Nao waajiri huilipia saa hiyo kutoka fungu la mafunzo, wakisema kuwa wanajenga timu.

Kanuni ya kale ya utunzi wa sifa hutaka ukoo utangulie matendo, na ukoo wa mchezo huu hauna la kuuonea haya. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi alitengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Crimson Room, ambao humweka mchezaji katika chumba chekundu kilichofungwa na kumwacha abofye vitu vilivyomo mpaka apate njia ya kutoka, na michezo ya namna hiyo ikaenea katika intaneti. Mwaka 2007, mjini Kyoto, Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP waliutoa mchezo wa aina hiyo kwenye skrini wakauweka mahali halisi, penye watu wenye mikono na hasira. Mwaka 2011 Attila Gyurkovics alifungua ParaPark mjini Budapest, akiegemea nadharia ya Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia mwenye asili ya Hungaria, kuhusu hali ya mtu kuzama katika shughuli hata akasahau saa. Hali hiyo, kwa mujibu wa nadharia hiyo, huja pale lengo linapokuwa wazi, ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtendaji, na jibu la kila jaribio linapopatikana papo hapo. Kufuli lililozaliwa kiwandani kwa ajili ya kulinda begi la safari likajikuta limetwaa wadhifa wa mtumishi wa saikolojia, na kupanda cheo kwa kasi hiyo kungewatia wivu wengi wa wale wanaokuja kulifungua.

Fadhila yake ya kwanza ni kutojua vyeo. Mkurugenzi akizungusha vigurudumu kwa kujiamini, akapanga mwaka ambao yeye mwenyewe ameuona kuwa wa maana, kufuli humjibu kwa ukimya uleule ambao lingemjibu tarishi, na tarishi akipanga namba sahihi hufungua bila kuombwa kwanza apeleke pendekezo lake kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa idara. Wazo potofu la mkubwa, likitolewa katika kikao cha kawaida, hupokewa kwa vichwa vinavyotikiswa kwa kukubali, likaingizwa katika kumbukumbu za kikao, likaundiwa kamati, na huenda likaishi miaka mitatu kabla ya mtu kuthubutu kusema kwamba halikuwa na kichwa wala miguu. Kufuli hulimaliza wazo hilo kwa sekunde moja, bila matusi na bila kujipendekeza.

Fadhila ya pili ni kwamba linafundisha hesabu ya maarifa kwa namna ambayo hakuna semina imewahi kufikia. Kufuli la tarakimu tatu lina michanganyiko 1,000, na mtu mwenye subira anayejaribu mmoja kila baada ya sekunde mbili atayamaliza majaribio yote kwa takriban dakika 33, kwa hiyo mkaidi anaweza kulishinda kwa ukaidi wake tu. Kufuli la tarakimu nne lina michanganyiko 10,000, na mkaidi huyohuyo angehitaji zaidi ya saa tano na nusu, ilhali amepewa dakika 60 tu. Lakini wenzake wakimpatia tarakimu tatu kati ya hizo nne, majaribio yanayobaki ni kumi, na kazi ya saa tano inageuka kuwa kazi ya sekunde 20. Hivyo chuma kidogo chenye thamani ya chakula cha mchana kinadhihirisha jambo ambalo ripoti nyingi za mwaka hulificha, kwamba jasho lisilo na taarifa ni jasho tu.

Fadhila ya tatu ni adhabu yake kwa wanaoficha walichokiokota. Ofisini, anayejua peke yake lilipo faili fulani huitwa mtu muhimu, asiyeweza kuhamishwa wala kupewa likizo, na umuhimu wake huongezeka kadiri anavyozidi kukaa kimya. Chumbani, anayetia mfukoni karatasi yenye alama ya ajabu ili aifumbue mwenyewe anawachelewesha wote, naye akiwamo, kwa kuwa nusu ya pili ya alama hiyo iko mkononi mwa mwenzake aliye upande wa pili wa kabati.

Haifai, hata hivyo, sifa zikageuka uongo. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913, aliwapima watu wakivuta kamba na kuona kuwa kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo, hata walipofika wanane kila mmoja alikuwa akitoa takriban nusu ya nguvu ya mtu anayevuta peke yake. Kufuli limemthibitisha mtaalamu huyo kwa uaminifu mkubwa, kwa maana chumba kikibakiwa na kufuli moja na watu wanane, mmoja huzungusha vigurudumu, mwingine humsomea namba, na sita waliosalia hutoa ushauri, wakikitimiza kwa ukamilifu kikao cha Jumatatu ambacho walidhani wamekikimbia.

Fadhila ya nne ni wepesi. Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1965 kwamba vikundi hupitia hatua nne, yaani kuundwa, kugombana, kukubaliana taratibu na hatimaye kutenda, na mwaka 1977, pamoja na Mary Ann Jensen, akaongeza ya tano, ambayo ni kuvunjika. Zipo idara zilizoanzishwa zamani ambazo hazijavuka hatua ya pili, lakini watu waliofungiwa pamoja huzipitia zote tano ndani ya saa moja: hujuana upya kwa dakika tano, hukaripiana kuhusu nani ameihamisha taa, hugawana kona za kupekua, hufungua masanduku kwa shangwe, kisha hutoka nje, wakapigwa picha ya pamoja na kutawanyika kila mmoja na simu yake.

Ulinganisho nao hauna budi kufanywa, na mpinzani wa haki ni kitendawili, ambacho Waswahili walikitumia kukusanya watu jioni kabla ya kampuni yoyote kuwa na fungu la mafunzo. Katika mchezo huo mtegaji hutega, wenzake hujaribu kufumbua, na wakishindwa hudaiwa mji. Humpa mji baada ya mji mpaka aridhike na mmoja, ndipo awafumbulie. Chumba cha mafumbo kimehifadhi utaratibu huohuo, kwani timu iliyokwama humwomba dokezo msimamizi wa mchezo, anayeitazama kupitia kamera, na katika vyumba vingine hulipa dokezo hilo kwa dakika zake. Kinachotofautiana ni gharama, kwa sababu mji wa kitendawili hutolewa bure na mtu asiyeumiliki, ilhali tiketi ya chumba hulipwa kabla mtu hajajua kama atafumbua lolote. Na kwa kuwa fedha za taasisi huheshimu zaidi kile kilichozigharimu, kufuli limeshinda pale ambapo bibi mwenye vitendawili mia asingealikwa hata kwa chai.

Wapo watakaosema kwamba kumfungia mtu ndani si njia ya kumfunza udugu, na hoja yao ina uzito usiohimili mzaha wowote. Januari 2019, katika mji wa Koszalin nchini Polandi, moto ulizuka katika chumba cha aina hii na kuua wasichana watano, na baada ya hapo vyumba vya nchi hiyo vikakaguliwa na kadhaa kufungwa kwa kukosa usalama. Somo lake ni kwamba kifungo hiki kina haki ya kuwapo kikiwa tu cha uongo, yaani mlango ufunguke kwa kitufe wakati wowote na makufuli yabaki kwenye masanduku. Na mchezaji wa chumba kilicho salama ana uhuru wa kuondoka, bila kuandika barua wala kusubiri muda wa notisi, ambao hana mezani pake pa kazi.

Hapo ndipo sababu ya kweli ya sifa hizi inapoonekana. Watumishi hushirikiana chumbani kwa kuwa wamepewa kila kinachohitajika kwa kazi, fumbo lina jibu, muda unajulikana, kosa halimfukuzishi mtu, na anayewasimamia huwatazama ili awasaidie wakikwama, wala hadai kwamba yeye ndiye aliyefumbua. Kufuli halijawabadilisha hata kidogo. Limewaonyesha wakiwa katika masharti ambayo yeyote angefanya kazi vizuri, kisha likawarudisha kwa mwajiri wao. Kiongozi atakayeguswa na ushahidi huo ana njia mbili, ama ayapeleke masharti hayo ofisini, jambo litakalomlazimu kugawa taarifa, kutaja tarehe za mwisho zinazowezekana na kuacha kuchukua sifa za wengine, ama anunue tiketi nyingine za robo ijayo. Njia ya pili ni nafuu zaidi, haigusi masilahi ya mkubwa yeyote, na huleta picha nzuri kwa ajili ya jarida la kampuni, kwa hiyo kufuli la tarakimu nne halina sababu ya kuhofia ajira yake.