Sifa za Bwawa la Majitaka

Malenga wa pwani wamekwisha kuisifu bahari, na sisi wa Eldoret hatuchoki kuwasifu wakimbiaji wetu, wala sina husuda na yeyote kati yao. Ila naona si insafu kwamba katika jiji lililokabidhiwa hati yake tarehe 15 Agosti 2024, asipatikane hata mtu mmoja wa kulitungia ubeti bwawa la majitaka, ambalo usiku na mchana hulitumikia jiji hilo bila mgomo wala marupurupu.

Ukarimu wake hauna kifani. Tajiri wa Elgon View, mpangaji wa Langas ambaye choo chake cha shimo hunyonywa na lori, na mwanafunzi wa shule ya bweni aliyekula githeri kupita kiasi, wote hupokewa kwa taadhima moja, bila kuulizwa kabila wala chama, jambo ambalo katika Bonde la Ufa si dogo.

Wasiolijua hudhani limelala. Lakini katika bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5, tope hutua chini, na vijidudu wasiohitaji hewa hulila taratibu. Kisha maji husogea hadi bwawa la pili, ambako mwani wa kijani hupokea mwanga wa jua na kutoa oksijeni, nayo huvutwa na vijidudu wengine wanaoendelea kuila najisi iliyobaki. Na katika bwawa la mwisho, lenye kina cha kama mita moja, jua hupenya na kuua viini vya maradhi, ilhali mayai ya minyoo yamekwisha kuzama zamani. Yote haya hutendeka bila mashine wala umeme, hata shule au zahanati ya kijijini ikaweza kuwa na bwawa lake, mradi ina ardhi, jua, na mtu wa kufyeka nyasi za kingoni. Kwarara na bata bukini, ambao hawakusoma uhandisi, wameliafiki.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni subira. Katika jiji linalomheshimu mtu kwa sekunde alizozipunguza, bwawa hujivunia siku linazoziongeza. Kwani mwinuko ule ule wa kama mita 2,100 unaowapa wakimbiaji wetu mapafu yao ndio unaoleta usiku wa baridi, na baridi huwalegeza vijidudu, hivi kwamba maji hapa hayana budi kukaa muda mrefu kuliko ambavyo yangekaa Mombasa.

Mahasidi watasema linanuka. Ni kweli, na hiyo ndiyo siasa yake. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata wabunge wa London wakatundika mapazia yaliyochovywa katika dawa, na katika muda wa wiki chache wakaidhinisha fedha za mifereji ya mhandisi Bazalgette, fedha ambazo maelfu ya vifo vya kipindupindu hayakuweza kuzitoa. Ila sisi tumejaliwa ujanja: mabwawa yetu huyachimba mbali na ofisi za wakubwa.

Na malipo yake? Mlangoni pake pana wavu wa vyuma, na kila asubuhi mtumishi mwenye reki na mabuti ya mpira huopoa matambara, nepi, magunzi ya mahindi, na mara mojamoja kijiko kizima ambacho bila shaka kuna mpishi anayesingiziwa kukiiba. Maji yakishinda dhihaka hiyo huingia mto Sosiani, ambao huingia Kipkaren, ambao huingia Nzoia, na Nzoia haufiki Ziwa Viktoria kabla ya kupita Budalang'i, kwa watu wanaouchota kwa ndoo. Basi, msomaji wangu, ikiwa huna ubeti wa kulitungia bwawa, walau gunzi lako litie jikoni, na nepi ya mwanao usiitumbukize chooni.