Sifa za Nepi Isiyonyonya

Bikini inajulikana hadi siku iliyozinduliwa, 5 Julai 1946, mjini Paris. Burkini imefikishwa kwenye mahakama ya juu kabisa ya utawala huko Ufaransa. Nepi ya kuogelea haijapata hata mtu mmoja wa kuisifu, ilhali haijawahi kumdanganya yeyote kuhusu uwezo wake.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba hainyonyi chochote.

Pampasi ya kawaida ina tamaa. Ndani yake zimo chembechembe za poliakrileti ya sodiamu zinazoweza kunywa maji mara mia kadhaa ya uzito wake. Kitandani usiku hiyo ni neema. Bwawani, pampasi haijui tofauti kati ya mkojo wa mwenye nyumba na maji ya watu wote, hivyo hujaribu kuyamaliza. Mtoto anashuka ngazi ya kwanza akiwa mwepesi. Akifika ya tatu makalio yameumuka kama andazi kwenye mafuta ya moto, mzigo unaning'inia karibu na magoti, na mshono ukiachia tu, zinamwagika chembe laini kama jeli na kuanza safari ya kwenda kuziba chujio.

Ndiyo maana kwenye mabwawa ya hoteli za Dar es Salaam husikika mazungumzo ya aina hii.

"Dada, samahani, hiyo pampasi hairuhusiwi majini."

"Sasa kaka, nikimvua si ndiyo balaa yenyewe?"

Hapo ndipo nepi ya kuogelea inapoingia kama mpatanishi. Mama anainunua akiamini amenunua ukuta, kumbe amenunua chekecheke: kigumu kinabaki, cha majimaji kinapita, na mkojo hutoka kana kwamba hakuna mlango. Wala hilo si siri. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inawaambia wazazi waziwazi kwamba nepi hizi haziwazuii vijidudu wa kuharisha kuingia majini. Huwachelewesha dakika chache tu. Dakika chache si haba. Wapo waheshimiwa ambao hawakuichelewesha balaa hata kwa nukta moja, na bado barabara zina majina yao.

Waingereza waliona nepi moja haiaminiki, wakaiwekea msimamizi. Mabwawa mengi ya huko yanadai mbili: ya ndani, na juu yake bukta ya neoprini, kitambaa kile kile cha wapiga mbizi, inayobana kiunoni na mapajani. Kichanga wa miezi mitano anaingia majini amefungashwa kama kifurushi cha posta.

Kelele zote hizi zina sababu, na jina lake ni Cryptosporidium, kimelea cha kuharisha. Klorini ikiwa ya kutosha humwua bakteria E. coli O157 kwa muda usiofika dakika moja. Cryptosporidium, kwa gamba lake gumu, huishi kwenye maji hayo hayo zaidi ya siku 7. Kati ya 2009 na 2017 Marekani iliandikisha milipuko 444 ya ugonjwa wake, wagonjwa 7,465, na chanzo kilichoongoza kilikuwa maji ya kuogelea yaliyotiwa dawa. Kwa hiyo kitu kikielea bwawani, msimamizi hukikagua kwa utulivu wa sonara. Kikiwa kigumu, mwongozo wa CDC ni miligramu 2 za klorini kwa lita kwa dakika 25: watu wanakwenda kula chipsi, wanarudi. Kikiwa cha kuhara, ni miligramu 20 kwa saa 12 na dakika 45, na watu wanarudi kwao.

Nepi yetu hukamata kile cha dakika 25. Cha saa 12 inakiachia kipite. Na dawa pekee ya hicho cha pili, yaani mtoto anayeharisha abaki nyumbani, haiuzwi mapokezi.

Hata hivyo, lawama zote zisiangukie makalio madogo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipima asesulfemu, sukari bandia inayopita mwilini bila kubadilika na kutoka na mkojo. Kwa kuifuatilia, walikadiria kwamba bwawa moja la lita 830,000 lilikuwa na lita 75 za mkojo. Sukari hiyo hutiwa kwenye soda za watu wanaojichunga unene. Vichanga hawanywi soda hizo.

Lakini tangazo la nepi ndilo linalobandikwa ukutani, mbele ya watu wasiojua kusoma, nao wanalitii kuliko wote. Kila saa mtoto anatolewa majini, anapelekwa mbali na ukingo, anafunuliwa, anakaguliwa, anafungwa upya na kurudishwa, huku akichekelea. Na kule kwenye kina, maji yakimfika kifuani, bwana mmoja aliyepita bafu bila kuligusa amesimama kimya, hajitikisi, macho ameyatupa mbali kwenye minazi.