Nkt! Kocha Aimbe Wimbo Gani?

Nkt! Mnasikia maneno ya huyu mura? Tumeketi hapa stendi ya boda Keroka tukingoja mvua ipungue, naye ndani ya jezi yake ya Arsenal anatuambia kocha wetu wa timu ya taifa, Benni McCarthy, hawezi kutufikisha popote kwa sababu si Mkenya. Ati Msauzi hawezi kuwa na uchungu na bendera yetu. Nikamuuliza, wewe mwenye uchungu, ubeti wa pili wa wimbo wa taifa unaujua? Akaanza kufuta kiti cha pikipiki.

Kumbukeni Agosti 2025. Kasarani, CHAN, Morocco wako mbele yetu, Erambo wetu ameoneshwa nyekundu, tumebaki kumi, na goli la Ryan Ogam likasimama hadi kipenga cha mwisho. Siku ile hakuna aliyetaka kuona pasipoti ya McCarthy. Hapa hapa watu walipiga honi hadi ng'ombe wakakata kamba. Madagascar walipotutoa kwa penalti, ndipo tukakumbuka kwamba kumbe mtu amezaliwa Cape Town.

Omogaka fundi wa viatu akasema hata wazungu wana ugonjwa huo. Septemba 2024 kocha Lee Carsley aliishikilia Uingereza kwa muda, akasema wimbo wa taifa haimbi. Mzaliwa wa Birmingham, lakini alichezea Ireland mechi 40. Na mechi yake ya kwanza ilikuwa wapi? Dublin, dhidi ya Ireland hao hao. Magazeti yao yakawaka moto. Uingereza ikashinda 2-0, magoli ya Declan Rice na Jack Grealish, vijana wawili ambao Ireland iliwalea kabla hawajavuka. Sasa hapo msaliti ni nani? Omogaka akagonga msumari, hakungoja jibu.

Lakini mimi kisa changu ni cha Adel Amrouche. Mzaliwa wa Algeria mwenye uraia wa Ubelgiji. Alikuja kwetu 2013, Desemba ya mwaka huo huo akatupa Kombe la Cecafa hapa nyumbani. Agosti 2014, baada ya Lesotho kututoa, akafutwa. Sawa, makocha hufutwa. Ila mkataba ulikuwa haujaisha, na mwenzetu akaenda FIFA. Shirikisho likaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100, likasuasua hadi FIFA ikatishia kututoa kwenye safari ya Kombe la Dunia la 2022. Bobby Williamson, yule Mskoti aliyemrithi, naye alitimuliwa, naye akaenda kushtaki. Halafu unakaa kwenye pikipiki ya mkopo unaniambia mgeni hana uaminifu! Mgeni alitia sahihi mkataba. Sisi je?

Hapo mura wa Arsenal akapata nguvu: basi mbona Amrouche aliwaponza Watanzania? Nakubali, hapo ana hoja. Januari 2024, yeye ndiye kocha wa Taifa Stars, wako Ivory Coast kwa Kombe la Afrika, mechi ya kwanza ni Morocco, na Amrouche akawa amesema Morocco ndio wanaoendesha soka la Afrika. Ugomvi wa Algeria na Morocco ni wa majirani, mkubwa kuliko mpira, na ukaingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha Watanzania ambao hawakualikwa. Wakapigwa 3-0, CAF ikamfungia mechi nane, TFF ikamsimamisha. Nafasi ikachukuliwa na Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani, Mungu hana haraka, ni Morocco. Stendi nzima ilicheka hadi abiria wa Nyansiongo akasahau safari.

Ukitaka upande wa pili, kuna marehemu James Siang'a. Kipa wetu wa Kombe la Afrika la 1972, na 2003 yuko benchi la Simba, wanamtoa Zamalek, bingwa mtetezi, kwa penalti kule Cairo. Mkenya huyo. Kuna aliyesema amewauzia Wabongo siri zetu? Siri zipi!

Na hapa nyumbani tunajifanya hatuoni. Shabana, timu inayofanya Mkisii na Mnyamira wakumbatiane uwanjani Gusii wakipiga kelele za Tore Bobe, jina lake lilitoka duka la vifaa vya ujenzi la Dogo Khan. Tulipokaa nje ya ligi kuu miaka 17, aliyeturudisha 2023 ni Sammy Okoth. Akaja Pamzo Omollo. Akaja Peter Okidi. Hayo majina ni ya upande wa ziwani, kule ambako uchaguzi ukikaribia tunaambiwa tusiwaamini. Sijasikia shabiki hata mmoja akidai kocha azungumze Ekegusii kwanza. Anadai pointi tatu. Asipozipata anatukanwa, na hayo matusi ni sawa na ya kocha yeyote.

Mvua ikapungua, na mtoza ushuru akatokea na kitabu chake cha risiti. Mnajua soko letu hili, kaunti mbili zinaligombania kama mahari. Omogaka hakuinua kichwa kutoka kwa kiatu.

"Wewe ni wa Kisii ama wa Nyamira?"

"Mimi? Mimi natoka Sotik, mzee. Nimeajiriwa tu."