Klachi na Tetea wa Jirani

Mjomba wangu alinunua katapila kuukuu kwenye mnada wa vyuma chakavu, akalileta Bunju kwa lori, mtaa mzima ukatoka kulipokea kama bibi harusi. Hesabu zake zilikuwa nyepesi: kuanzia Boko mpaka Mabwepande kila mtu anajenga, na kila kiwanja kina visiki. Masika na upepo wa chumvi hakuvitia kwenye hesabu. Mvua zilipokatika, injini iliitika, mkono wa klachi ukagoma.

Klachi ya katapila la zamani kama hili si pedeli ya kukanyaga kama ya daladala. Ni chuma kirefu unachokivuta kwa mkono, nacho kinashika vyuma vingine vilivyojificha chini ya bamba la sakafu, vimeungwa kwa pini na bushi. Vitundu vya kupigia grisi vikizibwa na rangi na matope, kutu inaoa humo ndani na haitoi talaka.

Ushauri Dar hautozwi kodi. Kijana wa bodaboda alisema tumwagie soda. Mstaafu wa jirani alitaka tufunge mnyororo, tuvute kwa Fuso. Mjomba akachomeka bomba la maji kwenye mkono wa klachi ili apate nguvu zaidi, akaning'inia. Bomba lilipinda. Klachi haikuwa hata na habari.

Ndipo akaitwa fundi mmoja mzee kutoka Mbagala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kalivuta hili?"

Tukatazama chini. Akatusimulia kwamba baba yake alikuwa utingo Nachingwea, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza. Walianza mwaka 1947 na matrekta yaliyochoka, masalia ya vita kutoka Ufilipino; hata vifaru vya Sherman vikageuzwa matrekta. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. "Nguvu walikuwa nazo," akasema, akifungua bamba la sakafu. "Grisi je?"

Chini ya bamba, pembeni kabisa ya pini, tetea wa jirani alikuwa ameatamia mayai. Alituangalia kwa jicho moja. Mjomba akanyoosha mkono, akadonolewa.

Mama jirani akafika na kanga yake moja. "Baba, huyo haondoki mpaka aangue. Kuku anaatamia siku ishirini na moja, na huyu juzi tu ndiyo kaanza."

Mjomba akaapa atamchinja. Fundi akacheka, akatoa bomba la sindano, akavuta dizeli aliyoichanganya na oili ya gia, akadondosha tone kwa tone juu ya pini, polepole, mafuta yasifike kwenye mayai. Akagonga kidogo kwa mpini wa nyundo. Tetea akalalamika, akatulia. Basi ikawa hivyo: fundi anakuja, anadondosha, anagonga, anakunywa chai ya mjomba, anaondoka. Mjomba alinuna kupita klachi.

Vifaranga vilipotoka, fundi alivuta ule mkono kwa vidole viwili. Ukaja, ukarudi, ukaja tena. Mjomba alipiga vigelegele, mwanaume mzima.

Mama jirani akaleta boksi la kubebea vifaranga, na daftari. Alikuwa ameandika pesa ya ulinzi wa usiku, maana tangu kuku wake alale mle hakuna aliyeiba hata nati. Mjomba akataka kubisha. Fundi akamkonyeza alipe haraka: chini ya kiti cha dereva, tetea wa pili alikuwa anachakura, anatafuta pa kutagia.